Mchana nani anabaki naye?

Ijumaa ndiyo siku ya kutoka. Kama umewahi kuuguza mtu katika hospitali yoyote kubwa ya serikali, utakuwa umeona kwamba raundi ya Ijumaa ina haraka yake. Wikiendi inakuja, vitanda vimejaa, wengine wamelala wawili wawili au chini kwenye godoro, na mapokezi hawajaacha kuleta watu. Daktari bingwa anapita na msafara wake, faili linafunguliwa, wanaulizana mawili matatu kwa Kiingereza chao, kisha sentensi moja inageuzwa kwenu: "Huyu tunamruhusu leo. Nendeni mkamalizie bili." Mnamshukuru Mungu. Mmoja anapiga simu nyumbani, mwingine anakimbilia dirisha la malipo, kanga na sufuria vinaingia kwenye mfuko. Hakuna anayeuliza kitu. Siku ya furaha nani ana maswali?

Nataka kuizungumzia sentensi hiyo. Sina nia ya kumchafua daktari yeyote, maana waliomtibu shangazi yangu baada ya kiharusi walimtibu vizuri, na bila wao na wauguzi wa ile wodi ningekuwa naandika habari za msiba. Hospitali yenyewe siitaji kwa sababu haina tofauti na nyingine. Ninachodai ni kwamba kumruhusu mgonjwa ni tiba. Ni uamuzi wa kitabibu, sawa na kumpasua au kumwongezea damu, na anayeusaini awe tayari kuulizwa juu yake: mgonjwa anakwenda wapi, anapokelewa na nani, atakula vipi, dawa zikiisha atapata wapi nyingine, na hali ikibadilika saa nane za usiku watu wafanye nini. "Ndugu zake wapo" si mpango. Ndugu tupo kweli, lakini hatukusomea uuguzi, na hakuna aliyetuuliza kama tunaweza.

Shangazi alitoka akiwa hawezi mkono wala mguu wa kulia, maneno yanamtoka nusu nusu, na mpira wa mkojo unaning'inia pembeni. Karatasi yake ilikuwa na mistari michache. Juu CVA na HTN, katikati majina ya dawa, chini R/V 2/52. Mpwa wangu ambaye ni daktari mkoa mwingine ndiye aliyenisomea kwa simu: kiharusi, shinikizo la damu, arudi baada ya wiki mbili. Basi. Daktari alikuwa amemwandikia daktari mwenzake, na karatasi ikakabidhiwa kwa binti aliyeishia darasa la saba, ambaye ndiye angelala na mgonjwa chumba kimoja.

Usiku wa kwanza alinyweshwa uji akiwa amelala chali, mto mmoja kichwani. Alikohoa mpaka tukadhani anakata roho. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikisikia kikohozi kile akaja na kanga yake ya kulalia. Akamkalisha wima. Akatuambia uji mwepesi ni hatari kwake kuliko mtori mzito, kwa sababu koo la mtu wa kiharusi linaweza lisifunge sawasawa na maji maji yakaingia njia ya hewa. Tumlishe kijiko kidogo kidogo kwa upande ulio mzima, tusimharakishe, na akimaliza akae nusu saa kabla hatujamlaza. Kisha akamfungua mdomo kuangalia kama kuna tonge limejificha shavuni. Somo zima lilikuwa fupi kuliko foleni ya bili. Nimonia inayotokana na chakula kilichopotea njia ni miongoni mwa mambo yanayowaua sana wagonjwa wa kiharusi, na kila daktari wa wodi ile analijua hilo kuliko mimi.

Mengine tulijifunza kwa kuchelewa. Mgonjwa asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, ubavu huu na ule, ili ngozi na nyama visife mahali mfupa unapobana; tulilisikia hilo kidonda kilipokwisha kuanza kiunoni. Mpira wa mkojo una muda wake, wiki kadhaa kutegemea aina, na mfuko wake haunyanyuliwi juu ya kibofu, mkojo usije ukarudi ndani na vijidudu vyake. Mkono uliopooza usivutwe wakati wa kumnyanyua mtu, bega linachomoka. Vidole vinyooshwe kila siku, visije vikakakamaa vikiwa vimekunjwa.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni vidonge vya presha. Alipewa vya wiki mbili, ndani ya bahasha ndogo ya khaki iliyoandikwa 1x1. Kwetu dawa ina dozi na dozi ina mwisho. Dawa mseto ya malaria ni siku tatu, vidonge vya kifua siku tano au saba, ukimaliza umepona. Hakuna aliyemwambia yule binti kwamba hivi havimalizwi, kwamba bahasha ikiisha inafuata nyingine, maisha yote. Na shangazi mwenyewe alikuwa amevimeza kwa vipindi miaka mingi, kichwa kikiuma anameza, kikitulia anaacha. Alilazwa kwa matokeo ya jambo hilo hilo, akarudishwa nyumbani nalo lilivyo.

Watu wa namna yake si wachache. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 huko Hai, Kilimanjaro, na katika maeneo ya Dar es Salaam ulionyesha kwamba Dar, baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri, kiharusi kiliwapata watu wapya takribani 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Hai vijijini 109 hivi. Kiwango kile cha Dar kilikuwa miongoni mwa vya juu vilivyowahi kuandikwa popote duniani. Wanaopona wote wanarudi kwenye nyumba fulani, na nyumba hizo wodini hazina faili.

Ya shangazi iko Muheza, mkoani Tanga. Choo kiko nje, cha kuchuchumaa, na kutoka uani kuna vidato viwili. Mwanawe mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine anaendesha lori, leo Tunduma kesho hajulikani. Asubuhi kila mtu ana pake pa kwenda. Mchana nani anabaki naye?

Swali hilo halikuulizwa. Nimelifikiria sana kwa sababu ninaamini jibu lake lingebadilisha tiba yenyewe, si mazingira tu. Daktari akijua kwamba mchana yupo binti wa miaka kumi na saba peke yake, atatafuta dawa za kumezwa mara moja kwa siku, jioni wakubwa wakiwa wamerudi, badala ya mara tatu. Atajaribu kuutoa mpira wa mkojo mgonjwa akiwa bado wodini aone kama kibofu kinafanya kazi, asiuache uende nyumbani kwa sababu tu ndivyo alivyoukuta. Atamwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo amfundishe mtu mmoja kumtoa mgonjwa kitandani kwenda kwenye kiti bila kuwaumiza wote wawili. Pengine atasema: huyu abaki mpaka Jumatatu, kaka yake afike kwanza. Haya yote ni maamuzi ya kidaktari, na yanategemea jambo ambalo kipimo cha damu hakilionyeshi.

(Na jibu la swali lile, tusidanganyane, karibu siku zote ni mwanamke, tena yule ambaye familia imeshaamua kwamba shughuli zake zinaweza kusubiri. Binti yetu alikuwa anajifunza cherehani. Cherehani kimefunikwa. Hilo nalo halikuandikwa kwenye faili lolote.)

Wiki mbili zikafika. Kumrudisha mtu aliyepooza kliniki ni safari ya kukodi gari, kwa sababu kwenye basi hakai na bodaboda haiwezekani. Nauli ikazidi bei ya dawa zake za miezi mitatu. Tukafika alfajiri, tukapata namba, tukamwona daktari karibu na saa saba mchana: akampima presha, akaongeza dozi kidogo, akaandika nyingine za mwezi. Kazi hiyo ingefanywa na zahanati iliyoko mwendo wa bajaji kutoka nyumbani, kama tu zahanati ingekuwa inajua kwamba mgonjwa huyu yupo, ana nini, anameza nini na presha yake inatakiwa ishuke mpaka wapi.

Mfumo wetu unajua kupandisha. Zahanati inakutuma kituo cha afya, kituo kinakutuma hospitali ya wilaya, unakwenda mkoa, kanda, mpaka Muhimbili, na kila hatua ina fomu na muhuri. Usipokuwa na fomu unarudishwa getini. Kushuka kunafanyika kwa mdomo: "Mtaendelea na zahanati yenu." Fomu nyingi za rufaa zina hata nafasi chini ya kumjibu aliyemtuma mgonjwa. Waulize waganga wa zahanati imewarudia ikiwa imejazwa mara ngapi.

Kwa nini jambo hili limekaa hivi? Nadhani sababu moja ni kwamba hospitali huhesabu mpaka mlangoni. Aliyefia wodini anaandikwa, anajadiliwa kwenye kikao cha vifo, mtu anaulizwa. Aliyetoka akitembea au akiwa amebebwa anaingia safu ya waliopona, na akifa baada ya wiki tatu nyumbani kwake hakuna kikao kinachomjadili. Mahali penye macho ya kuona zaidi ya mlango, picha ni nyingine kabisa. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wana daftari la wakazi wote wa eneo linalozunguka hospitali, wanajua nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Walipofuatilia watoto zaidi ya 10,000 waliokuwa wameruhusiwa kutoka hospitali ya Kilifi, wakachapisha matokeo mwaka 2011, walikuta 535 wamefariki ndani ya mwaka mmoja wa kutoka. Ukiwalinganisha na watoto wenzao wa eneo hilo hilo ambao hawakulazwa, vifo vyao vilikuwa karibu mara nane. Mbarara, Uganda, utafiti wa 2015 ulifuatilia watoto wadogo waliolazwa kwa maambukizi: karibu 5 kwa kila 100 walifia wodini, na karibu idadi hiyo hiyo wakafariki ndani ya miezi sita baada ya kuruhusiwa, theluthi mbili yao nje ya hospitali yoyote.

Isome tena hiyo ya Mbarara. Wodi ilikuwa inaona nusu ya vifo vya watoto wake. Nusu nyingine ilikuwa inaitwa kupona.

Kuna jambo ninalolipenda katika habari za watoto, kwa sababu linaonyesha mpango wa baada ya kutoka unaweza kuwa na nguvu kiasi gani daktari akiuchukua kama tiba. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu anaongezewa damu, anachangamka, anaruhusiwa. Anarudi kwenye mbu wale wale. Uboho wake bado haujapata nafasi ya kutengeneza damu ya kutosha, na malaria nyingine ikimpata katika wiki hizo inakuta akiba hakuna. Watafiti nchini Kenya na Uganda wakajaribu kitu rahisi: baada ya kutoka, mtoto apewe dozi ya dawa ya malaria ya kinga wiki ya pili, ya sita na ya kumi, hata kama haumwi. Matokeo yalitoka 2020. Katika kundi lililopewa dawa halisi, kurudi wodini au kufa kulitokea mara 184. Katika kundi la vidonge visivyo na dawa, mara 316. Dozi zilipokwisha, kinga nayo ikaisha, jambo ambalo nalo linafundisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaweka utaratibu huo katika mapendekezo yake kwa maeneo ambako malaria inaambukizwa kwa kiwango cha wastani au kikubwa.

Na Malawi wakaongeza swali ambalo mama yeyote angelijibu bila utafiti: dozi hizo apewe zote mkononi siku ya kutoka, au awe anarudi hospitali kuzifuata kila mwezi? Waliopewa zote mkononi walizimaliza zaidi. Ukitaka mpango ufuatwe, uende nao mgonjwa alipo.

Nilipoanza kuandika haya nilimtumia mpwa wangu. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia wodi: "Shikamoo mama mdogo. Unayosema ni kweli, lakini unaniandikia mimi au unamwandikia waziri? Leo nina wodi nzima na daktari mmoja wa mafunzo kazini. Nikikaa dakika ishirini na kila anayetoka, aliyeko kwenye oksijeni anisubiri?"

Ana haki. Mtu asiyejua wodi zetu asiwatukane madaktari. Lakini nilimjibu kwamba kuwajibika na kufanya kwa mikono yako ni mambo mawili. Daktari wa upasuaji hachemshi vyombo mwenyewe, lakini chombo kichafu kikitumika hawezi kusema hakikumhusu. Muuguzi anaweza kufundisha kulisha na kugeuza, tena kuliko daktari. Mtaalamu wa mazoezi yupo, ingawa ni mmoja kwa hospitali nzima. Ofisi ya ustawi wa jamii ipo, ingawa tunaifahamu kwa msamaha wa bili peke yake. Wote hao wanasubiri mstari wa daktari kwenye faili. Asipouandika, hawaji, kwa sababu hakuna anayeitwa.

Halafu muda upo, ila tunautafuta siku isiyokuwa na muda. Shangazi alilala wodini siku nyingi. Kila mchana na kila jioni, saa za kuona wagonjwa, tulikuwa tumejipanga pembeni ya kitanda na hotpoti zetu. Tunamlisha sisi, tunamwogesha sisi, tunamfulia sisi. Darasa lilikuwa limejaa wanafunzi na walimu wanapita. Kama mpango wa kutoka ungeanza siku ya pili ya kulazwa badala ya saa ya mwisho, mambo yote aliyotufundisha jirani usiku ule tungeyajifunza pale pale, muuguzi akitutazama, akisema: "Haya, nionyeshe utakavyomlisha nyumbani." Kuonyeshwa huko ni muhimu. Ukimuuliza ndugu "umeelewa?" atakujibu ndiyo, kwa adabu na kwa woga. Mwambie akuonyeshe, utaona kama ameelewa.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Ningependa kuona mtu akiipima R/V 2/52 kwa kipimo hicho.

Wala tusidhani ni shida ya umaskini tu. Marekani, uchambuzi wa 2009 wa bima yao ya wazee ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano waliotoka hospitali alilazwa tena ndani ya siku 30, na kati ya waliokuwa wamelazwa kwa matibabu yasiyo ya upasuaji kisha wakarudi, nusu hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya kumwona daktari hapo katikati. Kuanzia Oktoba 2012 serikali yao ikawa inazikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wa magonjwa fulani wanarudi kupita kiasi. Watu wanabishana mpaka leo kama adhabu ile imesaidia au imezifanya hospitali ziwe wajanja wa hesabu. Lakini angalau kuna aliyeulizwa. Huku kwetu mgonjwa akirudi, anayekatwa ni yeye: anafungua faili upya na kulipia upya.

Mfano wa karibu wa watu waliokwisha kulitatua sehemu yake ni wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito. Hospice Africa Uganda ilianza Kampala mwaka 1993, na tangu mwanzo ilichukulia kwamba kitanda cha mgonjwa kiko nyumbani. Mgonjwa wa saratani hatolewi na kuambiwa atajijua. Anakwenda na chupa ya mofini ya maji, familia imefundishwa kupima kipimo chake, muuguzi anajua njia ya kufika, na simu ya kupiga maumivu yakizidi ipo. Sehemu kadhaa za Tanzania zimekuwa na huduma ya namna hiyo, Muheza ikiwemo. Yaani mjini kwa shangazi yangu kuna watu wanaojua kabisa kumhudumia mgonjwa wa kitandani nyumbani kwake. Ila yeye hakuwa na saratani, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kuwapigia.

Na sasa kuna watu wengine wa kupigiwa. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii mwezi Septemba 2023, karibu laki moja, wakiwa na begi lenye kipimo cha presha na cha sukari. Tanzania ikazindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024, lengo likiwa kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Nawaona mtaani, vijana wazuri, wanahamasisha vyandarua, kliniki ya wajawazito, choo bora. Kumgeuza mgonjwa na kukagua mgongo wake kila wiki kunawezekana kabisa kwa mtu wa namna hii. Lakini mhudumu hajui kwamba nyumba ya tatu kutoka kwake amerudi mtu wa kiharusi mpaka aone gari la kukodi, kwa sababu wodi haina namba yake na haijawahi kufikiri kuitafuta.

Nisipambe. Kanda ya Ziwa, hapa Tanzania, kulifanyika jaribio lililoitwa Daraja, kwa watu wazima 500 waliolazwa hospitali mbalimbali wakiwa na VVU bila kuwa wameshikamana na huduma. Afisa ustawi wa jamii alikutana na mgonjwa mara tano katika miezi mitatu, akianzia wodini na kumfuata baada ya kutoka. Matokeo yalichapishwa 2025. Waliofika kliniki na kuanza dawa waliongezeka. Vifo vya mwaka mzima havikupungua, vilikuwa karibu 17 kwa kila 100 pande zote mbili. Wengi walikuwa wameshaumwa sana kabla hawajalazwa. Kwa hiyo anayefikiri karatasi nzuri ya kutokea itafufua watu, hapana. Mimi ninachosoma pale ni kwamba kufikishwa kliniki ni nusu ya kazi, na kwamba kabla ya kusaini, daktari ajiulize pia kama mgonjwa huyu kweli yuko tayari kutoka au ni kitanda tu kinachohitajika. Kama ni kitanda, iandikwe hivyo. Kuna tofauti kati ya familia kuambiwa "amepona" na kuambiwa "bado, lakini hatuna nafasi, na haya ndiyo mtakayoyaona." Familia ya pili italala na jicho moja.

Hivyo ninachotaka si kikubwa. Karatasi ya pili, kwa Kiswahili, isiyozidi ukurasa: ugonjwa ni huu; dawa hizi, hii ya maisha, hii ya siku saba; mpira utolewe tarehe hii, na nani; akianza hivi au hivi msisubiri asubuhi; kituo kitakachomwona ni hiki, na tumekwisha kukiarifu. Nakala ya familia, nakala ya zahanati. Chini jina la daktari linalosomeka, si mkwaruzo. Ndiyo, jina. Muuguzi wa zahanati akikwama ajue ampigie nani, na aliyesaini ajue kwamba anaweza kupigiwa.

Shangazi sasa anakaa mwenyewe kwenye kiti na anaita watu kwa majina yao, mengine anayachanganya. Kidonda kilifungwa na yule jirani, kwa chumvi na maji yaliyochemshwa na gozi tulizonunua duka la dawa. Presha inapimwa zahanati kila mwezi baada ya mimi kwenda na karatasi niliyoiandika kwa mkono kutoka kwenye maelezo ya mpwa wangu. Mganga aliipokea, akaipiga muhuri, akaniuliza kwa nini hospitali haikuileta wao.

Mpwa wangu naye amejaribu ile karatasi ya pili wodini kwake kwa wagonjwa wa kiharusi peke yao. Wauguzi wameipenda, isipokuwa mmoja anayesema ni kazi nyingine juu ya kazi. Tatizo la kwanza lilikuwa namba za zahanati. Amezipata kwa mratibu wa wilaya, nusu yake hazipatikani. La pili ni mashine ya fotokopi. Mganga mfawidhi amemuuliza karatasi hizo za ziada zitatoka kifungu gani cha bajeti, na kikao cha kulijadili kimeahirishwa.